Shahidi wa Watu Arobaini na Mmoja

Duka la viatu la Motiejus Grigonis, mjini Brackett, Pennsylvania, lilikuwa na vitu viwili ukutani. Kushoto alikuwepo Bikira Maria wa Lango la Alfajiri, mikono kifuani, picha iliyovuka bahari ikiwa imefichwa ndani ya shati. Kulia, ndani ya fremu ya mwaloni yenye kioo, ilikuwepo karatasi yenye mchoro wa ndege tai juu na muhuri mwekundu chini. Mteja akiingia alivua kofia. Alimvulia nani kati ya hao wawili, hakuna aliyeuliza, na Motiejus hakupenda kufafanua.

Karatasi hiyo aliipata mwaka 1892, alipokuwa bado mchimba makaa ya mawe, kabla mwamba haujamponda mguu na kumgeuza fundi viatu. Siku chache kabla ya uchaguzi, mwenye baa mmoja wa Kiayalandi aliwapakia Walithuania kumi na tisa kwenye gari la farasi, akawapeleka mahakamani Millersford. Walipangwa mstari, mikono juu. Karani akasoma mbio mbio maneno marefu ambayo hawakuambulia kitu, isipokuwa jina moja, na hilo walilishika wote: Aleksanda, Mfalme wa Urusi. Ilikuwa habari ya kumkana, kwamba hawatamtii tena, yeye wala wanawe.

Anayesoma haya ameketi zake kwa amani hawezi kujua jambo hilo lilikuwa zito kiasi gani. Mfalme huyo ndiye aliyeshikilia marufuku ya vitabu vya lugha yetu ya Kilithuania. Baba yake Motiejus alicharazwa viboko mbele ya kanisa kwa kukutwa na kitabu cha sala. Kwetu kulalamika tu juu ya mfalme, tena kwa kunong'ona, kuliweza kumfikisha mtu Siberia. Na hapa bwana mmoja aliyenyoa vizuri anakwambia inua mkono, mkane, halafu anakupa cheti chenye muhuri! Motiejus alilia machozi. Akalewa siku mbili mfululizo. Fahamu zilipomrudia akaenda kutafuta fremu. Kwake yeye shughuli ilikuwa imekwisha: umeshamkana mfalme mbele ya jaji, kimebaki nini tena? Wiki ileile alipiga kura, mwenye baa akimwonyesha kwa kidole mahali pa kuweka alama, na tangu hapo hakukosa uchaguzi hata mmoja.

Sasa sheria ilitaka kila anayeomba uraia alete mashahidi wawili, raia, waliomfahamu miaka mitano, waape kwamba ni mtu wa mwenendo mzuri. Walithuania wenye karatasi walikuwa wachache, na wenye ujasiri wa kufungua mdomo mbele ya jaji wachache zaidi. Motiejus alikuwa na Kiingereza cha kutosha, koti jeusi, na kilema kilichomfanya aheshimike. Aliombwa mara ya kwanza, akaenda. Akaombwa tena. Hatimaye ikawa desturi ya Brackett nzima: mtu akitaka kuwa Mmarekani anapitia kwanza kwa fundi viatu.

Hakupokea fedha kwa kazi hiyo. Alipokea bata bukini, au paja la nguruwe lililokaushwa kwa moshi, maana ndicho anachopewa baba wa ubatizo, na yeye aliliona jambo lenyewe hivyo hivyo. Unasimama na mtu mbele ya wakubwa, unajibu kwa niaba yake, anatoka akiwa mtu mpya. Kwenye ngazi za mahakama alimbusu kila mmoja mara tatu. Watu wakambandika jina, Baba Ubatizo, kwanza kwa utani, baadaye kwa dhati. Kufikia mwaka 1911 alikuwa amewasimamia watu arobaini na mmoja, na aliweza kuwataja wote kwa mpangilio huku akigonga misumari kwenye soli. Mkewe alipokufa, majina hayo yalimliwaza kuliko sala. Binti yake wa pekee, Marcelė, aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha hariri, aliyazoea mpaka akawa hayasikii tena.

Wa arobaini na mbili angekuwa Vincas Dubauskas.

Huyu Vincas alikuwa jitu la mtu, mpole, mfunga magogo ya kushikilia dari za mgodi. Aliingia nchini mwaka 1903 peke yake. Miaka mitano baadaye alimwita mkewe, Agota. Kwenye kisiwa cha kupokelea wageni daktari alimgeuza kope, akaona vikope, ugonjwa wa macho unaoambukiza, akamchora alama ya chaki kwenye koti. Vincas aliruhusiwa kumwona dakika chache kupitia wavu wa chuma. Kisha Agota akarudishwa alikotoka na meli ileile iliyomleta. Padre alimweleza Vincas dawa yake: mke wa raia ni raia, na raia harudishwi kwa sababu ya macho. Apate karatasi kwanza. Basi Vincas akaomba karatasi, Motiejus na shahidi mwenzake wakatia sahihi ombi lake kwa kiapo, jina lake likabandikwa mahakamani siku tisini kama sheria mpya ilivyotaka, na tarehe ikapangwa: Jumatatu ya katikati ya Mei.

Kosa lake lilikuwa moja tu, nalo lilitokana na hamu. Hakungoja. Alimkatia Agota tiketi ya meli itakayoondoka Bremen Alhamisi kabla ya Jumatatu hiyo. Alipiga hesabu kwamba mkewe akiwa bado majini yeye atakuwa ameshaapishwa, na atakwenda kumpokea kisiwani karatasi ikiwa mfukoni.

Jumanne, siku mbili kabla ya meli kuondoka, Motiejus alitaka fremu yake ing'ae. Vumbi la makaa lilikuwa limeingia hadi nyuma ya kioo. Marcelė aliishusha, akatoa vijimisumari, akaitandaza karatasi mezani. Tangu utotoni alikuwa akiipangusa kwa nje. Nani husoma kilichotundikwa ukutani kwao miaka yote? Lakini kiwandani alikuwa amemsaidia kaka wa rafiki yake kujaza fomu za uraia, na macho yake yakaenda yenyewe kwenye mstari wa tatu.

"Baba," alisema. "Hii siyo."

"Siyo nini?"

"Siyo uraia. Hii ni karatasi ya kwanza. Inasema una kusudio la kuwa raia. Kusudio tu, Baba. Ulitakiwa urudi baadaye uchukue ya pili."

Motiejus aliendelea kukata ngozi. "Hebu soma vizuri."

"Nimesoma mara tatu."

"We mtoto, nimepiga kura miaka kumi na tisa. Asiye raia anapigaje kura?"

"Hilo kamuulize mwenye baa."

"Amekufa."

"Basi ndiyo hivyo." Marcelė alikuwa ameshavaa shali yake. "Ombi la Vincas lina sahihi yako, halitafaa. Apige telegramu leo hii, mkewe asipande meli. Bado kuna leo na kesho."

"Keti."

"Baba, meli inaondoka Alhamisi!"

"Nimesema keti!" Kisu kilianguka chini. "Karani Haldeman hajaniomba karatasi tangu wewe uko kwenye nepi. Kila nikienda ananiambia, 'Umerudi tena, Grigonis?' Ndiyo aanze Jumatatu hii?"

"Siku hizi kuna mkaguzi anatoka Washington."

"Anakuja akijisikia. Mara ya mwisho alikuja? Hakuja. Unanisikia, Marcelė? Watu arobaini na mmoja. Ukitoka na hilo neno mlangoni, si mimi tu. Karatasi zao wote zitafukuliwa. Wana nyumba hapa, wana watoto."

Hayo aliyosema yalikuwa na ukweli ndani yake, ndiyo maana yalimfaa sana. Lakini hakuwa akiwafikiria wao. Alifikiria jinsi watu watakavyomtazama akipita, na nani atamwita Baba Ubatizo, na kwa kitu gani. Mimi namfahamu, wala simwonei. Alimshika bintiye mkono, akamsimamisha mbele ya Bikira, akamwapisha asimwambie Vincas neno. Marcelė aliapa. Alikuwa na miaka kumi na tisa na hakuwahi kumwona baba yake akitetemeka.

Jumatano baada ya zamu Vincas alipita dukani, uso bado mweusi wa makaa, amekumbatia paja la nguruwe.

"Baba Ubatizo, nimekuletea mapema, usije ukanikimbia!"

"Nikimbie na mguu huu?"

"Tazama." Alijifuta mikono kwanza, ndipo akatoa kwenye bahasha kitambaa cha kichwa, cha buluu, chenye maua. "Si anapenda buluu? Miaka minane, mzee. Hata sijui kama bado anapenda buluu."

Wakati huo ofisi ya telegramu ilikuwa wazi, upande wa pili wa barabara, na kupitia dirishani mtu aliweza kumwona yule kijana wa mashine akipiga miayo. Motiejus alifungua mdomo. Marcelė, aliyekuwa akimenya viazi mlangoni, aliacha kumenya.

"Buti hizo," Motiejus alisema, "hazikubani?"

"Hazibani kabisa. Umezitengeneza safi."

"Vizuri."

Vincas akaondoka akipiga mluzi. Kesho yake Agota alipanda meli.

Jumatatu mkaguzi alikuwepo. Alikuwa mtu mwembamba mwenye mafua, aitwaye Pruett, aliyeuliza kila kitu kwa sauti ileile. Alianza na shahidi wa kwanza, Simanas wa duka la nyama, akataka karatasi yake, akaisoma, akairudisha. Kisha akamgeukia Motiejus. Karani Haldeman akacheka kidogo, akasema huyu bwana tunamjua hapa siku nyingi. Mkaguzi akapenga kamasi. "Sina shaka. Karatasi yake iko wapi?"

"Nyumbani," Motiejus alisema. "Ukutani."

Jaji akampa hadi saa nane mchana ailete.

Hapo napo palikuwa na nafasi ya kusema. Haingemsaidia Agota, kwa kuwa meli ilikuwa imeshakaa siku nne majini, lakini ingemsaidia Motiejus mwenyewe. Badala yake alipanda tramu hadi Brackett, akaishusha fremu, akaifunga kwa kitambaa cha meza, akaibeba mgongoni. Mitaani watu walimtania: "Baba Ubatizo, unahama na ukuta?" Akawapungia mkono. Aliingia mahakamani kifua mbele, akachechemea hadi kwenye meza, akaifunua mbele ya wote kama mtu asiye na wasiwasi hata chembe.

Mkaguzi aliisoma kupitia kioo. "Hii ni hati ya kusudio," alisema. "Mtu huyu si raia na hajawahi kuwa. Ombi lililotiwa sahihi naye ni batili."

Motiejus alijishika kichwa. Alipiga ukelele, "Mungu wangu! Yesu wangu!" akapepesuka, na aliyemdaka asianguke alikuwa Vincas. Nyuma, kwenye benchi, Marcelė aliinamisha uso. Watu walidhani anamlilia baba yake.

Mengine yalikwenda kama ambavyo mtu angetarajia. Kuomba upya kulihitaji siku tisini nyingine, na kisiwani hawangojei mtu siku tisini. Vincas alikwenda bila karatasi. Daktari akageuza kope, akaona kilekile, sasa kibaya zaidi. Mume na mke walizungumza tena kupitia wavu, na kile kitambaa cha buluu kilikataliwa kupita, maana mlinzi alisema vitu haviruhusiwi. Vincas alirudi Brackett nacho. Msimu wa baridi ilikuja barua iliyoandikwa na padre wa parokia ya kwao. Agota alikuwa anatambua mwanga na giza tu. Na hakuna kampuni ya meli inayomkatia tiketi mwanamke kipofu.

Watu walimhimiza Vincas aombe upya hivyo hivyo. Alijibu, "Karatasi ya nini sasa?" Alisema ataendelea kufanya kazi hadi masika ya mwaka 1913, kisha atarudi kwa mkewe, chini ya mfalme yuleyule aliyekuwa amejiandaa kumkana.

Na Motiejus? Hakuna aliyemgusa. Hilo ndilo lililomtafuna. Brackett nzima ilimhurumia. Mzee wa watu, walisema, mwenye baa kamchezea, miaka yote hiyo kaamini, si mlimwona alivyobeba fremu? Mtu anayejua angebeba fremu? Wale arobaini na mmoja walikaa kimya, kila mmoja akiomba vitabu vya zamani visifunguliwe, na baadhi yao walianza kupeleka viatu kwa fundi wa Kipolandi. Lakini Vincas hakuhama. Aliendelea kuleta buti zake na kuketi kwenye kigoda chake cha kawaida, chini ya lile doa jeupe ambapo fremu ilikuwa imetundikwa.

"Usijitese, Baba Ubatizo," alikuwa akimwambia. "Mimi na wewe tulidanganywa pamoja."

Motiejus alikonda. Alianza kukosea vipimo. Marcelė alimpikia supu ya kabichi na mkate mweusi, akamwekea, akaenda kula chumba kingine. Walikuwa wakizungumza habari za kuni na chumvi tu. Mwaka 1912 padre alimshauri Motiejus aombe karatasi yake ya pili, amalize jambo lile kihalali, na yeye akakubali kwa kukosa sababu ya kukataa. Mashahidi wawili walipatikana kwa shida: Simanas, na kinyozi mmoja wa Kiwelshi. Kati ya wale arobaini na mmoja, alikuja huyo Simanas peke yake.

Kesi ilisikilizwa asubuhi moja ya Oktoba, yenye mvua. Mkaguzi alikuwa yuleyule na mafua yaleyale. Aliuliza maswali ya katiba, Motiejus akajibu. Akawauliza mashahidi, wakajibu. Kisha akafungua jalada lingine.

"Februari mwaka jana ulitia sahihi hapa, chini ya kiapo, kwamba wewe ni raia. Kama uliamini hivyo, ni kosa la mtu asiyejua kusoma, na sina pingamizi. Kama ulijua si kweli, ni kiapo cha uongo, na siwezi kukupitisha. Uliamini?"

Kabla hajajibu, benchi la nyuma lilitoa mlio. Vincas alikuwa amesimama, kofia mkononi, maji ya mvua yakimdondoka.

"Naomba niseme," alisema kwa Kilithuania. Kiingereza chake kilikuwa cha mgodini tu: vuta, sukuma, kimbia. Jaji aliuliza nani atatafsiri. Hapakuwa na mwingine. Marcelė akasimama.

"Waambie, binti yangu," Vincas alisema, "mtu aliyeumizwa na jambo lile ni mimi. Si huyo bwana mwenye pua ya mafua, ni mimi. Na mimi nasema mzee huyu hakujua. Nilikuwa hapa. Nilimdaka kwa mikono yangu akianguka. Mtu hawezi kuigiza vile. Ni mtu safi. Kama mimi sina kinyongo naye, nani mwingine awe nacho? Waambie hivyo."

Marcelė aliwaambia. Hakuacha neno hata moja. Jaji alionekana kuguswa. Hata mkaguzi aliweka kalamu chini.

"Basi, Bwana Grigonis," jaji alisema kwa upole. "Jibu tu, tumalize."

Lilihitajika neno moja. Lilikuwa limeshaandaliwa, limeshapambwa, na aliyelipamba alikuwa Vincas. Motiejus alimtazama akiwa amesimama pale amelowa, akimtikisia kichwa kumpa moyo, kama ambavyo yeye mwenyewe alikuwa akiwatikisia wale arobaini na mmoja walipobabaika mbele ya jaji.

"Nilijua," Motiejus alisema kwa Kiingereza. "Wakati wa kutia sahihi sikujua. Lakini nilijua kabla ya siku ya kesi. Binti yangu alinisomea Jumanne. Mkewe alikuwa bado hajapanda meli. Nilikaa kimya, na fremu niliibeba makusudi."

Haldeman, aliyekuwa akiandika, alisimamisha kalamu. Vincas alimtazama jaji, kisha mkaguzi, bado akitabasamu kidogo, akaona nyuso zao, akainama kwa Marcelė.

"Mzee anasemaje?"

Marcelė alikuwa ameapa mbele ya Bikira. Alimgeukia baba yake. Motiejus aliitikia kwa kichwa. Basi akamweleza Vincas yote, taratibu, kwa lugha yao, na siku yenyewe akaitaja.

Vincas alibaki akiigeuza kofia mikononi. Alikuwa akihesabu siku, midomo ikicheza.

"Jumanne," alisema. Halafu akamtazama Motiejus. "Jumatano nilikuja dukani. Ukaniuliza kama buti zinanibana."